Mkuu wa Wilaya wa Ghorofa ya Sita

Nianze na aibu yenyewe ili tusizungukane: mimi ndiye niliyemtangazia msiba mzee wa ghorofa ya sita akiwa hai, tena akiwa na afya ya kutosha kunitukana. Niliutangaza kwenye grupu la WhatsApp la Waswahili wote wa Thamesmead, hapa London. Picha yake nikaweka, mshumaa nikaweka, na yale maneno ya pumzika kwa amani. Kufika mchana watu walishajaa ngazini na masufuria, maana lifti ilikuwa imekufa kweli, tofauti na mzee. Mama mchungaji ndiye aliyegonga. Mlango ukafunguliwa na marehemu, kavaa singlendi na bukta, mswaki mdomoni.

"Kuna nini?" marehemu akauliza.

Mama mchungaji akaachia sufuria. Pilau likashuka ngazi lenyewe mpaka ghorofa ya tano, mlangoni kwangu, kama linajua nani kalisababisha.

Kabla hamjanihukumu, ngojeni niwaambie huyo mtu alikuwa nani.

Sote tulimwita Mkuu. Kule nyumbani Tanzania alikuwa Mkuu wa Wilaya, na si wilaya moja, walimhamisha nchi nzima kama jiko la mkaa. Ukimsikia anavyokohoa tu, unajua huyu alizoea watu wasimame akiingia. Mimi nilihamia chini yake mwaka nilioanza kazi ya kea, kazi ya kuwaogesha wazee wa watu huku wazee wangu wakiangaliwa na majirani. Shule niliishia kidato cha pili. Mimi na shule tuliachana kwa amani, kila mmoja akiona mwenzake hana faida. Kwa hiyo siku ya kwanza aliponiita na kuniuliza, "Wewe kijana, unajua samurai ni nini?", nilijibu kwa kujiamini kabisa.

"Ni wale wa kwenye video, Mkuu. Anamkata mtu, mtu anatembea kidogo, halafu ndiyo anakumbuka kuanguka."

Aliniangalia kama daraja lililojengwa chini ya kiwango.

"Kaa chini," akasema. Nikakaa. Miaka yote iliyofuata sina hakika kama niliwahi kusimama.

Habari za samurai alizipata kwa injinia mmoja Mjapani aliyekwenda wilayani kwake kuchimba mifereji ya mpunga. Jioni walikuwa wanakaa pamoja, mmoja na soda, mwingine na bia, na injinia akamsimulia kuhusu samurai mmoja wa zamani ambaye panga zake mbili, mmoja mrefu na mwingine mfupi, hazikuwahi kumkata mtu. Alikuwa ofisa. Kazi yake ilikuwa kumtumikia bwana wake: kukagua mpunga wa wananchi, kuamua kesi za mipaka, kusimama mstarini bwana akipita. "DC kama mimi," Mkuu alikuwa akifika hapo anajigonga kifua. Basi siku moja yule samurai akaomba ruhusa, akasema anaumwa. Akarudisha panga, akanyoa kichwa, akajenga kibanda ambacho hata mbuzi angekilalamikia, akaanza kuandika vishairi vya mistari mitatu. Mizani tano, saba, tano, kwisha. Hakuna vina, hakuna kibwagizo, hakuna salamu kwa wakubwa.

"Na mshahara?" niliuliza.

"Aliuacha."

"Na mke?"

Mkuu akakohoa. Siku hiyo nilidhani ni mapafu.

Yeye mwenyewe alikuwa na panga zake mbili: mwamvuli, na fimbo ya kutembelea aliyopewa hospitali. Hatoki bila zote, hata jua likiwaka. Anashuka ngazi polepole, anakwenda kituo cha basi, anakaa. Haendi popote. Anatazama. Vidole vinagongagonga paja, anapima mizani, midomo inacheza. Wazungu walidhani ana ugonjwa wa kutetemeka, wakawa wanampisha kwenye foleni. Akirudi ananiita nisikie.

"Mbweha na mimi
tunangojea basi.
Yeye kaenda."

"Halafu?" niliuliza mara ya kwanza.

"Halafu nini?"

"Mbweha alipanda basi?"

Akafumba macho muda mrefu. "Serikali ilikosa nini," akasema, "kukusomesha mpaka kidato cha pili."

Lakini kile kishairi sikukisahau. Mimi pia natoka kazini alfajiri, na wale mbweha wa kwenye mapipa nawajua. Wanakuangalia kama wewe ndiye uliyeingia kwao bila hodi. Halafu wanaondoka, wana pa kwenda. Wewe unabaki kituoni na kitambulisho chako shingoni.

Sheria yake ilikuwa moja: marufuku kutaja moyo. Huruhusiwi kusema huzuni, huruhusiwi kusema upendo, wala uchungu. "Mtu akikuambia ana huzuni, mwambie akuoneshe kwa kidole iko wapi," alikuwa ananiambia. "Iko kwenye kikombe? Iko kwenye soksi? Kama hawezi kuonesha, huyo anaringa tu." Niliwahi kumletea shairi langu, la kwanza na la mwisho, lina neno moyo mara nne. Alilirudisha na kuniambia nimpelekee daktari.

Alikuwa ameacha dunia, kwa maneno yake. Nilikuwa nampelekea mkate kila asubuhi, na kabla sijaweka mfuko mezani anauliza, "Mkeka umetoka?" Mkeka ni ile orodha ya walioteuliwa na serikali kule nyumbani. Ukitoka, ananipa miwani yake nimfutie, anasoma majina yote kwenye simu, wilaya kwa wilaya, kidole kinashuka. Jina lake halimo. Na lingekuwemo vipi, mtu alijiuzulu mwenyewe! Lakini ananyamaza mpaka chai inapoa.

Buibui wa bafuni kwake alikuwa na haki zote za mpangaji. Mimi nilikatazwa kufagia kona ile. Mtu huyohuyo, enzi zake, aliwahi kubomoa soko zima. Alinisimulia mwenyewe. Katapila limefika, watu wamekimbia na vitu vyao, kabaki mama mmoja anakaanga vitumbua. Anageuza kimoja kimoja, hana haraka, mpaka mafuta yakaanza kutetemeka kwenye kikaango kwa ule mngurumo.

"Na wewe ukafanya nini, Mkuu?"

"Nilitazama saa."

Shairi la yule mama alilianza mara nyingi sana. Mstari wa kwanza upo, wa pili upo, na vitumbua vinanukia kabisa. Lilikuwa linamshinda kwenye mstari wa tatu, pale ambapo ilibidi yeye mwenyewe awemo.

Sasa nifike kwenye kidonda.

Mkuu alikuwa na mke nesi, aliyetangulia London na mtoto wao wa kike, Neema. Mpango ulikuwa yeye afuate. Hakufuata, kila mwaka kulikuwa na ziara, kikao, mgeni wa kitaifa. Mke akaugua, akafa, akazikwa hapahapa. Wiki hiyohiyo Mwenge wa Uhuru ulikuwa unakuja kukesha wilayani kwake. Wasioujua Mwenge hawataelewa. Mkuu wa Wilaya anaupokea kwa mkono wake, anasimama nao usiku kucha, anaukabidhi kwa mwenzake mpakani. Ukizimikia kwako, hata kwa bahati mbaya, jina lako nalo limezimika. Wakubwa wake wangempa ruhusa? Labda. Hakuomba. Neema alimzika mama yake akiwa na miaka kumi na nne, kashikwa mkono na rafiki wa marehemu, nesi wa Kihindi mzaliwa wa Moshi anayeitwa Mama Rekha. Huyo ndiye aliyemchukua akamlea kwake Harrow.

Mwenge ulipovuka mpaka, Mkuu akajiuzulu. Sababu za kiafya, kama samurai wake. Akapanda ndege. Neema akamfungulia mlango, akamwambia amechelewa, akaufunga. Basi akapata chumba Thamesmead, upande wa pili kabisa wa jiji, akakaa kusubiri ufunguliwe tena. Hicho tu ndicho alichotaka hapa duniani: binti yake aje, akae, amsikilize, kabla mapafu hayajamaliza kazi yao. Mengine yote, samurai, mbweha, buibui, ilikuwa namna ya kusubiri.

Na alimwandikia. Kila alichoona kizuri alimtumia. Siku ya kuzaliwa ya Neema alimtumia hiki:

"Kona ya chumba,
ukungu umechora
ramani yetu."

"Mkuu," nikamwambia, "umemtumia mtoto ukungu siku ya birthday?"

"Ni ramani ya safari yetu sote. Ataelewa."

"Angalau ungeweka keki."

Hakucheka. Alikuwa anatazama zile alama za tiki kwenye simu, zimebaki kijivu. Alizitazama mpaka kioo kikazima. Akakigusa kikawaka, akaendelea kuzitazama.

Mara moja nilijikaza. Tulikuwa kwenye basi, tunatoka kliniki ya kifua, na daktari alikuwa ametumia maneno machache sana. Nikamwambia, "Mkuu, achana na mashairi. Mwambie mtoto samahani. Neno moja tu."

Akanionesha watu kwa fimbo. Basi limejaa, kila mtu anapita na sorry yake, sorry, sorry. Mama mmoja alikanyagwa na yeye ndiye akaomba radhi.

"Unasikia?" akasema. "Hapa samahani wanampa hata mtu aliyewakanyaga. Neno limechakaa hilo. Nimpe mwanangu kitu kilichookotwa kwenye basi?"

"Kwani una jipya?"

"Natafuta."

"Unatafuta huku unakufa, Mkuu." Lilinitoka. Mimi mzaha wangu hauna breki.

Akatazama nje. Vidole pajani, vinagonga. Nikajua nimekuwa mstari wa pili wa kitu.

Ndiyo tukafika kwenye ule msiba. Alikuwa amenifundisha kwamba hao samurai washairi walikuwa na desturi: mtu akijua anakwenda, anaandika kishairi cha mwisho cha kuaga, halafu anakwenda. Hawasumbui watu na wosia. "Siku ukikipata changu utakijua," aliniambia. Basi asubuhi moja niko kazini kwa mzee wangu mwingine, namvisha soksi, simu ikalia. Mkuu.

"Taa nazima,
kiti kinabakia
na joto langu."

Nikasoma. Nikasoma tena. Nikapiga simu, imezimwa. Nikapiga tena, imezimwa. Siwezi kumwacha mzee wa watu na soksi moja. Nikaanza kulia palepale sakafuni, mzee ananipapasa kichwa, "There, there," mimi ndiye kea na yeye ndiye mgonjwa. Na badala ya kufikiri, nikatangaza. Kwetu msiba hausubiri, ukikaa nao dakika tano watu watakuuliza ulikuwa unaficha nini.

Kumbe Mkuu hakuwa amelala usiku kucha kwa kukohoa. Kulipokucha akazima taa, akaona kiti, akaandika, akatuma, akazima simu, akalala kama mtoto.

"Kilikuwa kinahusu kiti," aliniambia baadaye. "Kiti! Hukuona kiti humo ndani?"

Lakini siku ile yenyewe, mama mchungaji alipomaliza kupiga kelele, Mkuu alifanya alichokijua. Alishika uongozi wa msiba wake. Akavaa suti ya Kaunda, akapanga wanaume huku, wanawake kule, akatoa amri viti vitoke ghorofa zote. "Mmefika wengi kuliko nilivyotegemea," akasema, na watu wakacheka kwa kutetemeka, na masufuria yaliyobaki yakafunuliwa. Kila baada ya muda alikuwa ananivuta shati.

"Neema amepata habari?"

"Sijui, Mkuu. Grupu ni kubwa."

"Harrow wamo?"

"Wamo."

Akaenda kukaa kiti kinachotazama mlango.

Alikuja. Alikuja na sare ya duka la dawa, beji bado kifuani, kapanda ngazi zote sita mbio, pumzi hana. Nilikuwa sijawahi kumwona. Nilimjua kwa paji la uso, lilikuwa la baba yake limewekwa kwa mtu mzuri. Akasimama mlangoni. Na baba yake yuko mbele yake, sahani mapajani, mkono wenye wali uko katikati ya sahani na mdomo.

Sijawahi kusikia Waswahili wengi hivyo wamenyamaza.

"Umekula?" Mkuu akamuuliza.

Neema anakielewa Kiswahili chote lakini anajibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa hapa. Alisema, "Nimelia kutoka Harrow mpaka hapa. Watu nisiowajua wamenipa tishu kwenye treni. Na wewe unakula?"

Mkuu akaweka sahani chini. Huu ndio ulikuwa wakati wenyewe, kila mtu aliuona, hata watoto. Akavuta pumzi. Nikaona vidole vyake vinaanza kugonga goti. Tano. Nikasema moyoni, Mkuu, si leo, jamani, si leo. Neema naye akaviona. Alisubiri kidogo, namshuhudia kwamba alisubiri, halafu akageukia sisi wote.

"Msinipigie tena," akasema. "Hata akifa kweli."

Viatu vyake tulivisikia ngazini mpaka chini.

Nilijua nitatukanwa na nikajiweka tayari. Mkuu hakunitukana. Watu walipoondoka alibaki kakaa palepale, akaniambia taratibu, "Lakini alikuja. Umemwona? Amekuja na sare."

"Nimemwona, Mkuu."

"Ana haraka kama mama yake."

Nikaenda jikoni kuosha vyombo vya watu, maana nilitaka kelele ya maji.

Baridi ilipoingia mapafu yakakata tamaa kabla ya mwenyewe. Gari la wagonjwa likaja, wakamteremsha kwa ngazi amekaa kwenye kiti, anawaelekeza kila kona kama msafara wa waziri. Wodini wakamwekea mipira ya hewa puani. Atieno, rafiki yangu wa ghorofa ya tatu, nesi Mkenya, alikwenda kusoma sura za wenzake pale wodini akarudi akaniambia, "Ni siku, si wiki. Kama kuna mtu wa kuitwa, aitwe."

Na mtu huyo nilikuwa nimemharibu mimi. Namba yangu kaifunga. Namba ya Mkuu kaifunga. Atieno akapiga kwa simu yake, akajitambulisha kama nesi, Neema akamwambia, "Mwambieni atafute mchezo mwingine," akakata. Basi nikavaa shati la kanisani, nikapanda treni kuvuka London nzima, nikabadilisha nikapanda treni ya Metropolitan, nikafika Harrow nikiwa nimefanya mazoezi ya hotuba, na hotuba yote ikaniishia getini.

Mama Rekha alifungua mlango. Mfupi, mvi tupu, Kiswahili cha Moshi ya zamani hakijapata vumbi.

"Wewe ndiye yule bwana wa WhatsApp?"

"Ndiye, mama."

"Vua viatu. Kaa pale. Mbali na jiko langu."

Neema alikuwa mezani. Hakuinuka. "Amekufa tena?" akauliza.

"Bado, dada. Ndiyo nimekuja."

"Nimechoka naye. Unajua anachonitumia? Vitu. Kikombe. Ukungu. Buibui. Mimi nilikaa makaburini namsubiri mtu, siyo buibui. Miaka yote hii ameshindwa kusema neno moja."

Nikamweleza ile habari ya basi, kwamba neno lile baba yake aliliona limechakaa, kwamba alikuwa anamtafutia jipya. Nilipokuwa nalisema, nilidhani ni la kumtetea.

Neema akanitazama. "Ningeichukua," akasema. "Ningeichukua hata hiyo ya kwenye basi."

Nikafungua mdomo nitafute mzaha, Mama Rekha akanizuia kwa kiganja. Akaenda kuchukua koti, akamwekea Neema mabegani, akamwambia, "Nenda, binti. Usiende kwa ajili yake. Nenda umuulize. Ukiacha kuuliza sasa, utaniuliza mimi mpaka nife, na mimi sijui jibu."

Safari nzima kurudi nilimtazama kwenye kioo cha treni. Alikuwa anauma kucha.

Wodini, Mkuu alikuwa macho. Amekwisha, amebaki paji la uso na masikio. Alipomwona binti yake mlangoni alijaribu kukaa vizuri, akashindwa, nesi akamsaidia. Neema akasimama mwisho wa kitanda na koti lake, begi begani, kama mtu aliyepita tu. Mimi nilitaka kutoka. Miguu ilikataa, na sijidai, nilitaka kuona.

Mkuu akatazama dirisha, akatazama blanketi, anatafuta. Vidole vikaanza. "Kwenye dirisha," akasema, kwa ile sauti yake ya kusomea.

"Hapana."

Neema akaja upande wa kitanda, akaukamata ule mkono, akaukunja vidole vyote ndani ya mikono yake miwili, akaubana. Na akasema kwa Kiswahili, Kiswahili cha mtoto, kilichokuwa kimewekwa kabatini tangu mama yake afe: "Mimi sitaki dirisha, Baba. Sema kama mtu. Kwa nini wewe hukukuja?"

"Mwenge," akasema Mkuu.

"Mwenge najua. Sema nyingine."

Ile mashine ya hewa inapiga pumzi yake. Mkuu akajaribu kuutoa mkono, hakuachiwa. Akanitazama mimi, kama vile ningetoa amri. Nikatazama sakafu. Ilichukua muda. Mtu yule alikuwa ameongoza wilaya nzima nzima, na pale alikuwa anatafuta neno kama mtu aliye chumbani kwake mwenyewe, gizani, anagonga kila kitu.

"Niliogopa," akasema.

Neema akangoja.

"Kule nilikuwa Mkuu. Nikija huku... ningekuwa mtu tu aliyefiwa na mke." Akavuta hewa. "Sikujua huyo mtu anasimamaje. Nikashika Mwenge. Ule najua unavyoshikwa."

"Na mimi niliogopa," Neema akasema. "Nilikuwa mtoto."

"Najua."

"Hukujua. Hukuwepo."

"Sikuwepo," akasema Mkuu.

Basi hiyo tu. Hakukuwa na kukumbatiana. Neema alivuta kiti akakaa, koti hakuvua, mkono hakuuachia, mpaka yule nesi alipokuja kusema muda umekwisha. Alipoinuka, Mkuu alimtazama kama anayesubiri uamuzi. Neema alirekebisha blanketi begani kwake, akaondoka. Kama alimsamehe, hakusema, na mimi sina ruhusa ya kumsemea. Aliniambia kwenye korido, kwa Kiingereza, kwamba ana shifti Alhamisi na atarudi Ijumaa.

Alhamisi mchana Mkuu alikwenda. Nilikuwa nimekaa naye mimi. Hakuandika kitu. Nilimshikia kalamu, akaitazama, akageuza uso. Nikampigia Neema, namba yangu alishaifungua, na safari hii alipokea, akasikiliza, akaniuliza mikono ya baba yake ilikuwa wapi. Nikamwambia juu ya blanketi, imetulia. Akasema asante.

Jioni ya mazishi nilikaa jikoni kwa Atieno, nikamsimulia yote tangu mwanzo. Nikaifanya kama ninavyofanya mambo yote. Nikaiga kukohoa kwa Mkuu, nikaiga Mama Rekha na kiganja chake, nikaiga mimi mwenyewe nalia sakafuni na soksi ya mtu mkononi. Nilikuwa najiona nimeifikisha vizuri sana. Nikafika pale wodini nikaanza kuiga hata zile pumzi za mashine, nikasubiri acheke.

Atieno hakucheka. Aliendelea kuniangalia, akanisongezea kikombe cha chai.

"Wewe nawe," akasema, "siku yako ikifika, tafadhali, usituchekeshe."